Sinia la Mgeni: Pambo Ni la Nani?

Sinia ninalotaka kulizungumzia haligusi moto. Ni lile la matunda na vitafunio ambalo kila anayeishi bwenini analijua: nanasi limepasuliwa kwa urefu na majani yake ya juu yameachwa yasimame, tikiti maji limekatwa pembetatu, ndizi za kamaramasenge zimepangwa duara, tende zimetolewa kokwa na kutiwa karanga, tango na karoti pembeni, biskuti katikati. Tunalitengeneza kwa sababu ya hali yetu. Jiko haliruhusiwi vyumbani, mkaa ni ghali, na umeme unakuja kwa hiari yake. Mgeni akibisha hodi, kisu na ubao vinatosha. Hapa Bujumbura Mwenyezi Mungu (S.W.) ametujaalia matunda, anayerudi kutoka soko la Ruvumera na kikapu kilichojaa anaweza kuwakirimu watu wengi bila kuwasha kiberiti.

Swali langu basi si la upishi. Matunda yakishaoshwa, yakamenywa na kukatwa, mgeni tayari ana cha kula. Ukiyaweka yote katika beseni safi, utamu wake ni uleule na shibe yake ni ileile. Lakini hatuishii hapo. Tunakaa saa nzima zaidi tukipanga nyekundu karibu na njano, tukigeuza kila kipande kitazame upande mmoja, tukitafuta nanaa ya kuchomeka juu. Saa hiyo ni ya nani? Ni ya mgeni, ni yetu sisi, au ni ya watakaoona picha?

Katika kikao cha kuandaa mapokezi ya wanafunzi wapya, ndugu mmoja wa mwaka wa tatu alitaka pesa ya masinia ipunguzwe. Alisema kupamba chakula ni riya iliyovaa kilemba, na kwamba wageni wanahitaji kushiba, si kushangaa. Dada mmoja akamjibu, "Ndugu yangu, mama yako akija kukutembelea kutoka Rumonge, utampa ndizi ndani ya ndoo?" Watu wakacheka, mwenyekiti akaenda kwenye ajenda inayofuata. Mimi ndiye ninayepewa kazi ya kupanga masinia hayo, kwa hiyo sikuweza kulipita jambo hilo kirahisi. Na nilipolifuatilia nikaona kwamba wote wawili wana pa kusimama katika dini.

Tuanze na upande wa ndugu yetu. Mtume wetu (S.A.W.) alisifu siki kuwa ni kitoweo kizuri pale ambapo nyumbani hapakuwa na kitoweo kingine. Hakuomba radhi, wala hakuificha. Na inasimuliwa kuhusu Salman al-Farisi (R.A.) kwamba alipotembelewa aliweka mkate na chumvi, akawaeleza wageni wake kuwa lau si kukatazwa kujikalifisha kwa ajili ya mgeni, angejikalifisha kwa ajili yao. Mmoja akatamani chumvi ile ingekuwa na majani ya kuikoleza. Salman akaweka rehani chombo chake cha maji, yakaletwa majani hayo. Baada ya kula, mgeni akamshukuru Mungu aliyewafanya waridhike na walichoruzukiwa. Salman akamwambia kuwa lau wangeridhika, chombo chake kisingekuwa rehani. Kisa hiki nakipenda kwa sababu kinamshika mgeni pia. Sisi tukizungumzia kujikalifisha humlaumu mwenyeji peke yake, kana kwamba macho ya mgeni yanayozunguka chumba kutafuta kilichokosekana hayana sehemu katika deni lile.

Sasa upande wa dada yetu. Qur'ani katika sura ya adh-Dhariyat inamsimulia Nabii Ibrahim (A.S.) akijiwa na wageni asiowajua. Hakuwauliza kama wana njaa, maana mgeni mwenye haya atasema ameshiba. Aliondoka kimyakimya kwenda kwa watu wake, akaja na ndama aliyenona, akamsogeza mbele yao, ndipo akawakaribisha kula. Wafasiri, Ibn Kathir akiwemo, wametoa humo adabu za ukarimu: kuharakisha, kutoa kilicho bora, kukisogeza kwa mgeni badala ya kumwita mgeni akifuate, na kukaribisha kwa upole. Hayo si mahitaji ya tumbo. Ndama angeweza kushibisha hata akiwekwa pembeni. Na yule aliyemuuliza Mtume (S.A.W.) kama ni kiburi mtu kupenda nguo yake na viatu vyake viwe vizuri, alijibiwa kwamba Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, kisha akafahamishwa kiburi ni nini hasa: kuikataa haki na kuwadharau watu. Yaani kiburi hakikai kwenye kiatu. Kinakaa kwenye jicho linaloshuka kumtazama asiye na kiatu.

Basi uzuri wenyewe umesalimika. Kinachobaki ni kujua pambo la sinia linamwelekea nani, na hapo ndipo niyya peke yake isipotosha, maana kila mmoja wetu ana niyya nzuri akiulizwa. Nimetafuta kipimo kinachoonekana kwa macho, na nimekipata katika kisa kilekile cha Ibrahim. Katika sura ya Hud tunaelezwa kuwa alipoona mikono ya wageni wake haikifikii chakula, aliingiwa na hofu. Wale walikuwa malaika, na malaika hawali. Lakini tazama kilichomshtua: mikono. Hakutazama kama wanamsifu ndama wake. Alitazama kama mikono inakwenda.

Kwa anayepanga sinia, kipimo hiki ni cha kazi kabisa. Kuna masinia ambayo ukiyaweka mbele ya watu wote wanasema "maa shaa Allah" kisha wanakaa kimya, hakuna anayethubutu kuwa wa kwanza kubomoa. Mgeni anachukua karoti moja ya pembeni, tena ile ambayo haitaacha pengo. Baada ya nusu saa sinia linarudi karibu zima, ndizi zimeshakuwa nyeusi, na mwenyeji anasema watu hawakuwa na njaa. Walikuwa na njaa. Pambo liliwafunga mikono.

Na kuna namna ya kupanga inayofungua mikono, nayo inajulikana na wazoefu. Masinia mengi hupangwa kama keki iliyogawiwa, nanasi upande wake, tikiti upande wake, tende upande wake. Inapendeza, lakini mgeni aliyekaa upande wa karoti atakula karoti mpaka mwisho, au apitishe mkono mbele ya mwenzake. Sote tumefundishwa tangu madrasa yale aliyofundishwa kijana Umar bin Abi Salama (R.A.): kutaja jina la Mungu, kula kwa mkono wa kulia, na kula kilicho mbele yako. Ni kweli wanazuoni wamelegeza katika matunda ya aina mbalimbali, kwamba mkono unaweza kuzunguka. Hata hivyo dada mgeni mwenye haya, wa mwaka wa kwanza, asiyemjua mtu chumbani, hatatumia ruhusa hiyo. Kwa hiyo mimi hurudia mpango mmoja kuzunguka sinia lote, kila pembe iwe na kidogo cha kila kitu. Rangi hazitulii vizuri hivyo, na kwenye picha linaonekana kama limevurugika. Lakini popote utakapokaa, tende iko mbele yako. Vipande viwe vya kushikika bila kuchuruzisha maji, nanasi litolewe ule moyo mgumu, na ndizi zikatwe mwisho kabisa zikiwa zimenyunyiziwa limau. Kisu kiwe kikali. Tumeamrishwa ihsani katika kila kitu, na mfano uliotolewa katika hadithi hiyo ni kunoa kisu cha kuchinjia; nanasi halina roho, lakini kisu butu kwenye nanasi lililoiva kinafanya uji.

Kuna jambo gumu zaidi. Wengi wetu pesa hazitoshi, na pambo ndilo linalofanya kidogo kionekane kingi. Tunatandika majani ya saladi chini, tunasimamisha vipande badala ya kuvilaza, tunaweka bakuli lililopinduliwa katikati ili tende zipande juu kama kilima. Je, huu si udanganyifu? Sote tunaijua habari ya mwenye rundo la nafaka sokoni, ambaye Mtume (S.A.W.) alitia mkono ndani ya rundo lake akakuta unyevu chini, akamwambia angeuweka juu watu wauone, na kwamba anayeghushi si katika wao. Rundo la tende juu ya bakuli lililopinduliwa lina tofauti gani na rundo lile?

Nilifikiri sana hapa, na jibu nililolipata limetoka kwa mtu aliyeficha zaidi yetu. Ni yule Ansari aliyempeleka mgeni wa Mtume (S.A.W.) nyumbani kwake, mkewe akamwambia hakuna chakula isipokuwa cha watoto. Watoto wakalazwa, chakula kikawekwa mbele ya mgeni, na mke akainuka kama anayeitengeneza taa, akaizima. Gizani, mume na mke wakajifanya wanakula. Mgeni akashiba, wao wakalala na njaa, na asubuhi wakabashiriwa kuwa Mungu ameridhia walichokifanya. Ule ulikuwa uficho mtupu. Lakini mwenye rundo aliuficha unyevu ili mnunuzi alipie asichokitaka, na Ansari alikificha kidogo chake ili mgeni ale bila kuona haya. Aliyefichwa jambo sokoni alipunguziwa. Aliyefichwa jambo nyumbani aliongezewa.

Kwa hiyo majani ya saladi chini ya tende 15 sina ugomvi nayo, ikiwa yanamfanya mgeni achukue 3 bila kuhesabu. Nina ugomvi na tunda lililooza upande mmoja kugeuzwa upande mzima utazame juu. Hilo ni la sokoni, hata likiwa chumbani.

Tazama pia kwamba ukarimu uliosifiwa kuliko wote ninaoujua ulifanyika gizani. Sisi wetu hauanzi mpaka taa ya simu imulike. Nimekaa kwenye futari ya Alhamisi, adhana ya Magharibi imeshapita, watu wameshika tende mikononi, na sauti ikasema, "Subirini kidogo, bado picha." Waliofunga tangu alfajiri wakangoja, na sisi tunajua ilivyosisitizwa kuharakisha kufuturu. Sisemi picha ni haramu. Nasema kwamba kwa dakika zile mbili wageni waliacha kuwa wageni wakawa sehemu ya pambo. Ukitaka kujua sinia ni la nani, angalia nani anangoja nani.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba katika jambo hili kuna watu wawili tu, mwenyeji na mgeni. Yupo wa tatu, naye ndiye aliyenifanya niandike.

Darasa la dada zetu hufanyika kila Jumatano baada ya Alasiri, kwa zamu, chumba hadi chumba, na karatasi ya zamu hubandikwa mlangoni mwa chumba cha swala. Mwanzoni mwenyeji alitoa chai ya chupa na maandazi ya kununua. Kisha mmoja akaleta sinia la matunda, likapendwa. Wa tatu akaongeza jibini iliyokatwa nyota. Wa nne akaongeza zabibu zilizotoka nje ya nchi, ambazo kilo yake inanunua vichane vya ndizi vya wiki nzima. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kila mmoja alitaka kuwakirimu wenzake kama alivyokirimiwa, na kidogo zaidi, maana ndivyo tulivyolelewa. Lakini yule aliyekuwa wa sita kwenye orodha, dada anayetoka mikoani na anayelipiwa ada na kaka yake, alijifuta. Zamu ilipozunguka tena akajifuta tena. Darasani anakuja, anakaa karibu na mlango, anakula kidogo. Nilipomuuliza alisema, "Dada, mimi nina ndizi na karanga. Siwezi kuwaita watu waje waangalie ndizi."

Aristotle, ambaye wanafalsafa wa Kiislamu kama Miskawayh walimsoma kwa makini katika elimu ya maadili, anamtaja mtu anayetumia mali pasipo mahali pake, na mfano anaoutoa ni wa mtu anayewaandalia wenzake wa chama karamu ndogo kwa kiwango cha harusi. Kwa Aristotle kosa lake ni kukosa ladha na kipimo, kuonyesha mali mahali pasipostahili. Nadhani ameona nusu. Ubaya wa karamu ya chama iliyogeuka harusi hauko kwa mwenye karamu tu. Chama kina zamu. Kiwango anachokiweka leo ndicho watakachopimwa nacho wa wiki ijayo, na asiyekifikia hatasema neno. Ataomba udhuru. Na akiomba udhuru anapoteza kitu ambacho hatukukihesabu kwenye matumizi: kuwa mwenyeji. Sisi huwaza kwamba maskini anahitaji kupewa. Lakini ukarimu umefungamanishwa na imani ya Mungu na Siku ya Mwisho kwa kila mtu, hakikutajwa kipato. Dada yule tumemwachia kupokea peke yake, tukamnyima fadhila ya kutoa, na tumefanya hivyo kwa zabibu.

Ndugu yetu wa kwenye kikao angesema, basi, beseni kwa wote, tumalize. Sikubaliani naye. Beseni linasema uzuri ni wa wenye pesa, kwa hiyo tukitaka usawa tuuondoe uzuri. Si kweli. Uzuri wa sinia, sehemu yake kubwa, uko kwenye kisu, kwenye usafi na kwenye subira, na vitu hivyo haviuzwi Ruvumera. Ndizi na karanga juu ya jani la mgomba lililooshwa, naapa nimeona zikipita jibini. Nilikaribia kumwambia dada yule hivyo, kwamba nitamfundisha. Kisha nikanyamaza, kwa sababu nililoliona ni kwamba ningekuwa nimemwongezea mtihani mwingine: sasa si pesa tu anazodaiwa, anadaiwa na ufundi. Anachohitaji ni chumba ambamo ndizi zinaweza kuwa ndizi na hakuna atakayeziona kuwa ni pungufu.

Chumba hicho yeye hawezi kukitengeneza. Wanaoweza ni wale wenye zabibu, na njia yao ni kuziacha sokoni siku ya zamu yao. Ni haki yao kuzinunua, pesa ni yao na ni halali. Waache wazile na familia, wazipeleke kwa mgonjwa, waziweke kwenye harusi. Lakini Jumatano waweke kile ambacho wa sita kwenye orodha naye anaweza kukiweka. Ansari alizima taa ili mgeni asione upungufu wa mwenyeji. Hapa mwenye nacho anapunguza taa yake ili upungufu wa mwenyeji anayefuata usionekane. Ni ukarimu kwa mtu ambaye leo si mgeni wako, na huenda asijue kamwe kwamba ulimkirimu.

Najua linaloweza kujibiwa. Mtu atasema Ibrahim (A.S.) alitoa ndama aliyenona, hakuuliza jirani yake ana nini. Ni kweli, na mgeni wa mbali aliyekuja mara moja, mzazi wa mwanafunzi, sheikh aliyesafiri, huyo mtolee kilicho bora ulichonacho. Hakuna zamu kwake. Nazungumzia mikusanyiko yetu inayozunguka, ambapo kila mgeni wa leo ni mwenyeji wa kesho. Mtu mwingine atasema huku ni kuwapangia watu ukarimu. Naam, kidogo. Mbona tumekubali kupangiwa muda wa darasa usizidi saa moja na nusu ili wenye vipindi vya jioni wasikose? Hatukusema kwamba elimu imepunguzwa.

Kwa mapokezi ya wanafunzi wapya masinia yatakuwepo, na yatapambwa. Nimeandika mahitaji: mananasi 6, matikiti 3, ndizi, tende kilo 2, karanga, matango, malimau na nanaa. Hakuna kinachotoka dukani isipokuwa biskuti. Majani ya mgomba tutaomba Buyenzi kwa jirani mwenye migomba. Mpango utakuwa ule wa kurudia, kila pembe kila kitu, na kabla ya wageni kukaa nitaondoa vipande viwili vitatu kutoka kila sinia ili lisionekane jipya mno la kugusa. Mwenye kutaka picha apige mikono ikiwa imeshaingia.

Dada zetu nao wamekubaliana kuhusu Jumatano, baada ya mabishano marefu kidogo juu ya jibini, kwamba mwenyeji ataweka vitu viwili na maji. Karatasi mpya ya zamu imebandikwa mlangoni tangu Ijumaa. Nafasi 4 za kwanza zimejazwa. Jina lake bado halijaandikwa, na sijamuuliza.